Una kisukari? Bima ya maisha bado unaweza kuipata

Usifiche ugonjwa wala usikate tamaa. Kijitabu chako cha kliniki kinaweza kukupunguzia gharama

UGONJWA wa kisukari haumwondolei mzazi jukumu la kuwaza kesho ya watoto wake. Lakini Wakenya wengi walio na maradhi haya huamini kwamba siku daktari alipowatajia jina la ugonjwa ndiyo siku mlango wa bima ya maisha ulipofungwa.

Imani hiyo huwatia watu katika mojawapo ya makosa mawili. Wapo wanaokata tamaa na kuishi bila kinga yoyote, ilhali mkopo wa sacco, karo ya shule na kodi ya nyumba vyote vinategemea pumzi ya mtu mmoja. Wapo pia wanaoficha ugonjwa ili wauziwe bima kwa bei ya mtu mwenye afya njema.

Kosa la pili ni baya zaidi. Anayelitenda hulipa pesa zake miaka nenda miaka rudi kwa kitu ambacho huenda kisiwafae jamaa zake hata kidogo atakapofariki.

Ukweli ni kwamba zipo kampuni zinazomkubali mwenye kisukari, ila humwongezea malipo au kumwekea masharti. Kiasi cha nyongeza hiyo hutegemea sana jinsi anavyoitunza sukari yake, na kama ana ushahidi wa utunzaji huo.

Kabla hatujaendelea, tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Bima ya afya hulipia matibabu ukiwa hai. Hiyo ndiyo kazi ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Bima ya maisha hulipa kiasi cha pesa mlichokubaliana kwa watu uliowataja, ukifa kabla ya muda uliowekwa kwisha. Kuwa na ya kwanza si kuwa na ya pili.

Kwa nini kampuni huogopa sukari

Biashara ya bima ni hesabu ya hatari. Kampuni hukusanya pesa kidogo kidogo kutoka kwa watu wengi, kisha hulipa jamaa za wachache wanaofariki mapema. Mtu ambaye hatari yake ya kufa mapema ni kubwa hutakiwa kuchangia zaidi. La sivyo wengine ndio watakaobeba mzigo wake.

Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Canada, mwaka 1921, mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza hakuishi muda mrefu. Kumkatia bima mtu wa namna hiyo kulikuwa jambo lisilofikirika. Leo mambo yamebadilika, na mgonjwa anayejitunza anaweza kuishi hadi uzeeni na kuwaona wajukuu.

Kinachowatia wasiwasi watu wa bima si sukari yenyewe pekee. Wao huogopa yale yanayoletwa na sukari isiyodhibitiwa, yaani maradhi ya moyo, kiharusi, kuharibika kwa figo, upofu na vidonda vya miguu visivyopona.

Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kwa zaidi ya wagonjwa 5,000 wa kisukari cha aina ya pili, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1998, ulionyesha faida ya kudhibiti sukari barabara. Hatari ya madhara katika mishipa midogo ya damu, kama ile ya macho na figo, ilipungua kwa takriban robo.

Ndiyo maana kampuni ya bima hutaka kujua mengi zaidi ya kama una kisukari au huna. Watu wawili wenye ugonjwa huo huo wanaweza kupewa bei mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Maswali utakayoulizwa

Ukijaza fomu ya maombi na kukiri kwamba una kisukari, jiandae kuulizwa mambo haya:

• Uligunduliwa lini na ukiwa na umri gani? Aliyeanza kuugua utotoni amekaa na ugonjwa muda mrefu, na hivyo hatari huhesabiwa kuwa kubwa zaidi.

• Ni kisukari cha aina ya kwanza au ya pili? Je, unatumia vidonge, sindano ya insulini, au chakula na mazoezi pekee?

• Shinikizo lako la damu, uzito na mafuta yako ya damu vikoje? Mtu mwenye sukari na presha pamoja huhesabiwa kuwa na mizigo miwili.

• Figo, macho, moyo na miguu yako vina hali gani? Huenda ukapimwa mkojo kuona kama una protini, na ukapimwa moyo pia.

• Je, unavuta sigara? Kwa mwenye kisukari, sigara huharibu hesabu yote.

• Umewahi kulazwa hospitalini kwa sababu ya sukari kupanda au kushuka mno?

Kipimo kinachotazamwa zaidi kuliko vingine ni kile cha HbA1c. Hiki huonyesha wastani wa sukari katika damu kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kwa wagonjwa wengi watu wazima, madaktari hulenga kiwango cha chini ya asilimia 7.

Kipimo hiki hakihongeki. Kuna watu ambao hujinyima chakula siku mbili kabla ya kwenda kupimwa ili sukari ionekane imeshuka. Kipimo cha kidole cha asubuhi hiyo kinaweza kudanganyika, lakini HbA1c itasema wazi ulivyoishi tangu miezi mitatu iliyopita.

Kwa hivyo maandalizi ya bima huanza mapema. Ukiwa na nia ya kuomba bima, jipe miezi mitatu au sita ya kunywa dawa bila kuruka siku, kupunguza vyakula vya wanga na sukari, na kutembea kila siku. Hudhuria kliniki na uhakikishe kila kipimo kimeandikwa kijitabuni. Mtu anayefika na rekodi ya mwaka mzima yenye vipimo vizuri ana nguvu ya kuulizia bei. Asiye na rekodi huchukuliwa kuwa hajitunzi.

Majibu manne yanayowezekana

Baada ya kukuchunguza, kampuni inaweza kukupa mojawapo ya majibu manne.

La kwanza ni kukukubali kwa bei ya kawaida. Hili ni nadra kwa mwenye kisukari.

La pili, na ndilo la kutarajiwa na anayejitunza, ni kukukubali kwa nyongeza ya malipo. Chukua mfano wa mwalimu wa umri wa miaka 40 ambaye, kama angekuwa mzima, angetozwa Sh2,000 kwa mwezi. Akiwekewa nyongeza ya asilimia 50 atalipa Sh3,000. Akiwekewa asilimia 100 atalipa Sh4,000.

Hizi ni tarakimu za mfano tu, lakini zinatufunza jambo. Tofauti ya Sh1,000 kwa mwezi ni Sh12,000 kwa mwaka, na kwa bima ya miaka 15 ni Sh180,000. Hiyo ndiyo thamani ya sukari iliyodhibitiwa, mbali na uhai wenyewe.

Jibu la tatu ni kuahirishwa. Kampuni husema rudi baada ya miezi sita au mwaka. Jibu hili huwapata sana wale waliogunduliwa juzi tu, wale ambao sukari yao bado inapanda na kushuka, na wanawake waliopatwa na kisukari wakiwa wajawazito. Kuahirishwa si kukataliwa.

La nne ni kukataliwa, hasa ikiwa figo au moyo tayari umeathirika.

Anza pale ambapo huulizwi mengi

Kabla ya kukimbilia bima ya kujikatia mwenyewe, chunguza kama tayari una kinga usiyoijua. Hapa ndipo penye nafuu kubwa kwa mtu mwenye kisukari.

Waajiri wengi wakubwa huwakatia wafanyakazi wao bima ya kikundi. Kwa kuwa hatari imegawanywa kati ya watu wengi, kampuni huweka kiwango ambacho kila mfanyakazi hulindwa bila kupimwa wala kuulizwa kuhusu ugonjwa. Ni wale tu ambao fidia yao inapita kiwango hicho wanaotakiwa kwenda kwa daktari. Muulize afisa wa wafanyakazi kazini kwako: je, tuna bima ya kikundi, ni mara ngapi ya mshahara, na nimemwandika nani?

Uliza pia kitatokea nini ukiacha kazi. Kwa kawaida bima ya kikundi hukoma siku unapoondoka. Baadhi ya mikataba humruhusu mfanyakazi kuigeuza iwe bima yake binafsi bila kupimwa upya, mradi aombe katika muda mfupi uliowekwa. Kwa mtu mzima nafasi hiyo ni jambo dogo. Kwa mwenye kisukari ni lulu, na wengi huipoteza kwa kutouliza.

Vyama vya akiba na mikopo navyo vina kinga zake. Katika sacco nyingi, mkopo huwa na bima ya kulipa deni iwapo mwanachama atafariki, ili wadhamini na mjane wasiandamwe. Aidha, nyingi zina mfuko wa rambirambi unaosaidia mazishi ya mwanachama na jamaa zake wa karibu. Soma masharti, kwani mingine humtaka mwanachama awe amechangia kwa muda fulani kwanza.

Bima ya mazishi inayouzwa na kampuni huwa rahisi kuipata kuliko bima kamili ya maisha. Mara nyingi haina vipimo, lakini ina kipindi cha kungoja ambapo kifo kitokanacho na ugonjwa hakilipwi. Kumbuka kwamba pesa zake hutosha jeneza, usafiri na chakula cha waombolezaji. Hazitasomesha mtoto.

Usisahau NSSF. Mchango wa mfanyakazi ni wa lazima kisheria na hauulizi kama una sukari. Mwanachama akifariki, akiba yake huwaendea wanaomtegemea.

Jumlisha hizi zote kwanza. Ukishajua una kiasi gani, ndipo utajua pengo lililobaki, na ndilo pengo hilo unalopaswa kulikatia bima. Kununua bima kubwa bila hesabu hii ni kulipia nyongeza ya kisukari juu ya kitu usichokihitaji.

Bima ya muda au ya akiba?

Maajenti wengi hupenda kuuza bima yenye akiba ndani yake, ambapo ukimaliza muda ukiwa hai unalipwa. Hiyo huvutia, lakini sehemu kubwa ya malipo yake ni akiba tu, na ni sehemu ndogo inayonunua kinga ya kifo. Ndiyo maana malipo yake huwa makubwa.

Bima ya muda haina akiba. Ukimaliza muda ukiwa hai, hupati kitu. Lakini kwa Sh1,000 utakayolipa, jamaa zako hupata kinga kubwa zaidi kuliko ile ya bima ya akiba. Kwa mzazi mwenye kipato kidogo na watoto wadogo, hii mara nyingi ndiyo inayofaa, hata ikiwekewa nyongeza.

Pima muda kwa kazi unayotaka ifanye. Mzazi wa miaka 45 ambaye kitinda mimba wake ana miaka minane anahitaji kinga ya miaka 15 hivi, hadi mtoto awe amemaliza masomo. Hana haja ya kulipia miaka 25. Kupunguza muda na kiasi cha fidia ni njia halali kabisa ya kupunguza gharama.

Usimwachie ajenti kalamu

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Sheria ya bima husimama juu ya msingi wa uaminifu kamili. Mwombaji hutakiwa kueleza kila jambo muhimu analolijua kuhusu afya yake, kwa sababu kampuni haina njia nyingine ya kulijua.

Hutokea ajenti akaijaza fomu kwa niaba ya mteja, na alipofika kwenye swali la kisukari akaweka alama ya hapana ili maombi yapite haraka naye apate kamisheni yake. Mteja hutia sahihi bila kusoma. Kisheria, sahihi hiyo ni yake, na jibu hilo ni lake.

Siku ya msiba ikifika, kampuni huomba rekodi za hospitali. Kama zinaonyesha kwamba marehemu alikuwa akihudhuria kliniki ya kisukari kabla ya kujaza fomu, familia inaweza kupokea barua ya kukataliwa badala ya hundi. Hata kama kifo kilisababishwa na jambo jingine, kampuni inaweza kudai kwamba isingemkubali kwa bei ile kama ingejua ukweli. Waswahili walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Katika bima, kifo huwaumbua pia walioachwa.

Wengine hujibu hapana kwa nia njema. Wameacha dawa baada ya kutumia mitishamba au kuombewa, nao wanaamini wamepona. Fomu huuliza kama umewahi kuambiwa una kisukari, si kama unajihisi mgonjwa leo. Jibu ni ndiyo, kisha eleza.

Jaza fomu kwa mkono wako, au usome kila jibu kabla ya kutia sahihi. Dai nakala yake uihifadhi pamoja na hati ya bima. Hakikisha pia kwamba kampuni na ajenti wana leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima (IRA).

Ukikataliwa

Usikimbie kutoka kampuni moja hadi nyingine ukijaza fomu kila mahali. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kukataliwa au kuongezewa malipo, na kila jibu la ndiyo hukuharibia zaidi.

Njia bora ni kumtumia broka. Ajenti huuza kwa niaba ya kampuni, ilhali broka humwakilisha mteja. Broka mzuri anaweza kupeleka maelezo ya afya yako kwa kampuni kadhaa na kuuliza maoni yao kabla hujaomba rasmi. Hivyo utajua mapema ni ipi inayowafahamu wenye kisukari na ipi inayowakwepa.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni HbA1c iliyo juu, hiyo inaweza kushuka, nawe ukaomba tena baada ya miezi sita au mwaka. Kama uliwekewa nyongeza, uliza iwapo kampuni itaitazama upya baadaye vipimo vikiwa bora. Na ukihisi umeonewa, au dai la jamaa yako limecheleweshwa bila sababu, peleka malalamiko IRA.

Nafuu kwenye kodi

Watu wengi wanaolipa kodi ya mapato hawajui kwamba serikali huwapa nafuu kwa sababu ya bima ya maisha. Nafuu hiyo ni asilimia 15 ya malipo unayotoa, mradi isizidi Sh60,000 kwa mwaka.

Yule mwalimu wetu anayelipa Sh3,000 kwa mwezi angepunguziwa kodi kwa Sh450 kila mwezi. Anachohitaji ni cheti cha malipo kutoka kwa kampuni ya bima, akakabidhi kwa mwajiri, au akitumie anapojaza ripoti yake ya kodi.

Ukishaipata, ilinde

Bima iliyopatikana kwa shida haifai kupotea kwa uzembe. Ukikosa kulipa, kampuni hukupa siku chache za kusubiri, aghalabu siku 30, kisha bima hufa. Kuifufua huhitaji utangaze afya yako upya, na pengine upimwe. Kwa mwenye kisukari, hiyo ni sawa na kuanza safari tena kutoka mguu wa mlima.

Jambo hili linawahusu hata wale waliokata bima wakiwa wazima kisha wakapatwa na kisukari baadaye. Kampuni haiwezi kukuongezea malipo kwa ugonjwa uliokupata baada ya mkataba kuanza, mradi ulisema kweli siku ile. Usiiache bima hiyo kwa sababu yoyote nyepesi, wala usiibadilishe na mpya kwa ushawishi wa ajenti.

Na wewe ambaye mzazi au ndugu yako ana kisukari, jua kwamba ugonjwa huu, hasa ule wa aina ya pili, hutembea katika familia. Nenda ukapimwe. Kama uko salama, huu ndio wakati wa kukata bima kwa bei nafuu.

Mwisho, mwambie mwenzi wako au mtu mzima unayemwamini ilipo hati. Sasisha majina ya warithi kila mtoto anapozaliwa, na ukimwandika mtoto mdogo, taja pia mlezi atakayepokea pesa kwa niaba yake. Bima isiyojulikana na walioachwa ni sawa na kutokuwa na bima.

Hatua ya kwanza wala haiko katika ofisi ya bima. Iko kliniki. Katika ziara yako ijayo, mwombe daktari kipimo cha HbA1c, uandikiwe matokeo yake kijitabuni, kisha uanze kuhesabu miezi.